Hesabu ya Matatu, Picha ya Jeti

Makomredi wengi nimewasikia wakisema kwamba picha nzuri ya ndege ya kivita ni kazi ya kamera ghali. Ati ukiwa na laki tatu utaipata, ukiwa huna, kaa utazame tu kama wengine. Mimi nasomea ualimu, fizikia na hisabati, na kila nikisikia kauli hiyo mkono unatafuta kalamu wenyewe. Swali la jeti si la pesa kwanza. Ni swali la pembe, lile tulilofundishwa kidato cha tatu na nne tukadhani halina kazi popote duniani.

Hebu tulifanye.

Chukua F-5, jeti ambayo Jeshi la Wanahewa la Kenya limekuwa nayo tangu 1978 na ambayo wengi wetu tumewahi kuiona ikipita juu siku za sherehe za kitaifa. Ina urefu wa mita 14 na nusu hivi. Huko juu angani inaweza kuipita kasi ya sauti, lakini mbele ya umati haifanyi hivyo, kwa sababu kishindo chake kingeleta kesi za madirisha. Tuseme inapita kwa kilomita 720 kwa saa, yaani mita 200 kila sekunde. Kwa sekunde moja imemaliza viwanja viwili vya mpira.

Wewe umesimama kilomita moja kutoka njia yake. Gawanya 200 kwa 1,000, unapata radiani 0.2 kwa sekunde, kama digrii 11 na nusu. Hiyo ndiyo kasi ambayo shingo yako inatakiwa kuzunguka ndege ikipita mbele yako. Si kubwa. Mtu hugeuka haraka kuliko hivyo akisikia jina lake likiitwa mesi. Ikipita mita 400 kutoka kwako inakuwa nusu radiani, karibu digrii 29 kwa sekunde, na hapo sasa shingo inafanya kazi.

Shida huanza ukiweka jicho kwenye kamera. Lenzi ya milimita 300, kwenye zile kamera za kawaida ambazo wanafunzi hununua mtumba, huona kipande cha anga chenye upana wa digrii 4 na robo tu. Jeti iliyo kilomita moja inakivuka kipande hicho kwa sekunde 0.37. Iliyo mita 400 inakivuka kwa sekunde 0.15, muda wa kupepesa jicho. Ndiyo maana mtu anarudi nyumbani na picha mia mbili za anga safi, na nyingine kumi zenye mkia peke yake.

Halafu mtaalamu mmoja huwa anasema: basi ongeza kasi ya shata, weka 1/2000, umemaliza. Hujamaliza. Kamera hiyohiyo ina pikseli kama 6,000 kwa upana. Ukiishika imara bila kuisogeza, ile jeti ya kilomita moja inakimbia juu ya pikseli 16,000 kila sekunde. Kwa 1/1000 picha imevutika pikseli 16, kwa 1/2000 imevutika 8. Nane ni chache, lakini zinatosha kuifuta namba ya mkiani na kofia ya rubani. Ila ukiizungusha kamera pamoja na ndege, kwa kasi ileile ya digrii 11 na nusu, mvutiko unakaribia sifuri hata kwa 1/500. Shata ni bima tu. Kazi inafanywa na kiuno.

Na kiuno hakinunuliwi dukani. Kinafunzwa, na sehemu inayonifurahisha zaidi katika hesabu hii ni kwamba huhitaji jeti kukifunza. Matatu inayokwenda kilomita 80 kwa saa inakwenda mita 22 kwa sekunde. Simama mita 110 kutoka barabara. Gawanya 22 kwa 110: radiani 0.2. Ni pembe ileile ya jeti iliyo kilomita moja! Sogea hadi mita 45 na unapata nusu radiani, yaani jeti ya mita 400. Kwa jicho lako, kwa shingo yako, kwa lenzi yako, matatu ya Thika Road na F-5 ni kitu kimoja. Tofauti ni kwamba jeti hupita mara chache kwa mwaka, na matatu hupita kila baada ya sekunde kumi, bure, na hata ukikosa dereva hajui.

Namna ya kufanya zoezi ni hii. Tafuta mahali salama mbali na lami, penye uwazi. Usisimame kwenye ukingo wa barabara, na usiende kwenye daraja la waenda kwa miguu wakati watu wanatoka kazini. Elekeza vidole vya miguu mahali ambapo unataka kuipiga picha gari, si mahali linapotokea. Kisha pindua kiuno kurudi nyuma mpaka ulione kwa mbali. Mkono wa kushoto uwe chini ya lenzi, kiganja kikitazama juu, viwiko vimebana mbavu. Lifuate gari tangu likiwa dogo. Unapolifuata, mwili unajifungua kama springi, na likifika mbele yako wewe ndiyo kwanza umenyooka, umestarehe. Watu wengi hufanya kinyume: wanaelekeza miguu linapotokea gari, na likifika mbele yao tayari wamejipinda kama kamba ya kukamua nguo.

Bonyeza mara tatu au nne, kwa upole, na usisimamishe mwendo baada ya kubonyeza. Endelea kulifuata hata picha zikiisha. Mchezaji wa mpira hasimamishi mguu mara tu unapougusa mpira, na wewe vivyo hivyo. Ukisimama wakati wa kubonyeza, umerudi kwenye zile pikseli 16,000.

Ukichoka na magari, kuna ndege wenyewe, wale wenye manyoya. Mwewe wa Nairobi, wanaozunguka juu ya mesi kutafuta chapati ya mtu, ni walimu wazuri kwa sababu hawana ratiba na hugeuka ghafla. Korongo wakubwa pale juu ya miti ni rahisi mno, wao ni kama ndege za mizigo. Anza nao.

Sasa sauti. Huyu ndiye mwongo mkubwa wa siku ya maonyesho. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo mngurumo wa jeti iliyo kilomita moja unakufikia karibu sekunde tatu baadaye. Katika sekunde hizo tatu ndege imesonga karibu mita 600. Ukigeuza kamera kule masikio yanakokwambia, utapiga picha ya mahali ilipokuwa. Wakati umati wote unatazama kwenye sauti, wewe tazama mbele yake, upande inakoelekea. Bora zaidi, jua mapema inakotokea: mara ya kwanza ikipita usipige chochote, tazama tu mti gani au jengo gani inachungulia nyuma yake. Mara ya pili kamera yako iwe inamngojea pale.

Kuhusu kamera yenyewe nitasema kwa haraka, maana ukurasa ni mdogo na vitabu vya maelekezo vipo. Kwa jeti weka shata kati ya 1/1000 na 1/2000. Fokasi iwe ile inayoendelea kufuata kitu, si ile inayojifunga mara moja; Canon huiita AI Servo, Nikon na wengine AF-C. Tumia nukta ya katikati. Usipige mfululizo wa sekunde tano, kwa sababu kamera za bei yetu hujaa, zinaganda, na zikiganda ndipo marubani wawili wanapishana mbele yako. Anga ikiwa na mawingu meupe, kamera inadanganyika kwamba kuna mwanga mwingi na inakutolea ndege nyeusi kama kunguru. Iongezee mwanga hatua moja. Anga ikiwa ya buluu iliyokolea, acha kama ilivyo.

Ila kwa ndege za propela na helikopta, sahau 1/2000. Propela ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kwa 1/2000 inageuka digrii 6 tu, yaani inaonekana imesimama, na picha inamwonyesha rubani aliyezimikiwa injini na yuko njiani kuanguka. Kwa 1/125 inageuka digrii 96 na unaona ule mduara unaoonyesha kwamba kuna uhai. Mapanga ya helikopta huzunguka polepole zaidi, katika helikopta ndogo kama mara 400 au 500 kwa dakika, kwa hiyo huenda ukashuka hadi 1/60 ndipo yaonekane yanafanya kazi. Na kwa 1/60 bila kiuno kilichofunzwa kwenye matatu, usijisumbue.

Kuna makomredi wanaopenda kutumia shata ya polepole kwa jeti pia, wakisema picha ya 1/2000 inafanya ndege ionekane kama ya kuchezea iliyobandikwa kwenye karatasi ya buluu. Wana haki kuhusu ugonjwa, lakini dawa yao haiponyi. Shata ya polepole huonyesha kasi kwa kuvuta kilicho nyuma: miti, nyumba, milima. Ikiwa nyuma ni anga tupu, hakuna cha kuvutwa, na ulichopata ni hatari ya kuharibu picha bila faida. Kule Wales, Uingereza, kuna mabonde wanayoyaita Mach Loop ambako marubani wa kijeshi hufanya mazoezi ya kuruka chini, na wapiga picha hupanda mlima wakawa juu ya ndege. Hapo nyuma kuna majani na mawe, na shata ya polepole ina maana. Sisi mara nyingi tunatazama juu. Basi kasi itafutwe kwa njia nyingine: subiri ndege igeuke ikuonyeshe mgongo, subiri moto wa injini, au weka vichwa vya watu chini ya picha wakiwa wameziba masikio.

Na jua? Hapa sisi wa karibu na ikweta tuna jambo letu ambalo miongozo ya Wazungu haitakwambia. Jijini Nairobi, siku ya Madaraka, 1 Juni, jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini. Siku ya Jamhuri, 12 Desemba, liko kusini. Kwa hiyo kama una nafasi ya kuchagua pa kusimama, Juni tazama kusini na Desemba tazama kaskazini, ili jua liwe mgongoni mwako. Lakini adhuhuri hapa jua liko juu sana wakati wowote wa mwaka, na tumbo la ndege litakuwa kivulini hata ukisimama vizuri vipi. Ndiyo maana picha za saa tatu au saa nne asubuhi zinazishinda za saa saba. Na kufikia saa saba lami na mabati vimeshapata moto, hewa inacheza, na ndege ya mbali inaonekana kama iko ndani ya sufuria ya maji yanayochemka. Hakuna lenzi ya bei yoyote inayoponya hiyo.

Wenye simu peke yake msifunge ukurasa. Simu inaona digrii 70 hivi, na jeti iliyo kilomita moja haifikii hata digrii moja. Katika picha yenye pikseli 4,000 kwa upana, ndege itakuwa na pikseli hamsini. Ni inzi. Usimfuate inzi. Simu ni nzuri kwa kitu ambacho wenye lenzi ndefu hawawezi kabisa kukipata: moshi wa rangi unaotapakaa anga nzima, ndege tano zikiwa zimetawanyika kama vidole, mtoto juu ya mabega ya babake. Maonyesho ya Uhuru Gardens ya Mei 2022, pale kando ya Lang'ata Road, picha nilizozipenda zaidi mtandaoni zilikuwa za namna hii.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike. Kilabu chetu cha picha kina lenzi moja tu ndefu, ya milimita 70 hadi 300, na wanachama kumi na wanne wanaohudhuria mikutano kweli. Kuna pendekezo litakalopigiwa kura mkutano ujao, kwamba siku ya maonyesho yoyote lenzi ikae na mtu mmoja tangu asubuhi hadi jioni, yule mwenye mkono mzuri kuliko sote. Yuko mwaka wa nne. Kwa kweli ana mkono. Na wanaounga mkono pendekezo wana hoja nzito: picha zinazouzwa ndizo zinazolipa matengenezo ya kamera, na jeti haitarudi kwa sababu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alikuwa anatafuta kitufe.

Mimi nitapiga kura ya kupinga, na nieleze kwa nini. Huyo ndugu anahitimu mwaka huu. Akiondoka na ujuzi wake, sisi tunabaki na lenzi isiyo na mkono, na mwakani tutaanza upya tukimtafuta mwingine wa kuiabudu. Darasani tunafundishwa kwamba mwanafunzi hajifunzi kuogelea kwa kutazama wengine majini, lakini kilabu chenyewe kinataka watu kumi na watatu washike mikoba. Kuna jambo jingine pia. Kati ya wanaoomba kuishika lenzi, nusu ni wasichana, na katika mwaka mmoja na nusu niliokuwa kilabuni sijaona hata mmoja akipewa siku nzima. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Lakini "mpe aliyezoea" ina njia yake ya kumpa aliyepewa jana.

Ninachopendekeza ni daftari. Kila anayetaka lenzi siku ya maonyesho aende barabarani na kamera ya kilabu, pamoja na lenzi hiyohiyo, apige matatu picha 300 kwa siku tatu tofauti, na aonyeshe ngapi zimetoka safi. Si picha nzuri, safi tu: jina la sako lisomeke. Atakayefikisha moja kati ya tatu aingie kwenye orodha. Siku yenyewe, ndege za mafunzo na helikopta ziwe za walioanza, na jeti zigawanywe kwa wale walio juu ya orodha. Onyesho la jeti moja huwa la dakika nane au kumi, na katika muda huo hupita mbele ya umati mara kadhaa. Watu watatu wanaweza kugawana mipito hiyo bila kugombana ikiwa wamekubaliana mapema nani anafuata nani, na mkanda wa kamera unahamia shingo nyingine ndege ikiwa inageukia mbali. Ndugu wa mwaka wa nne awe wa kwanza kwenye orodha, kama nambari zake zinasema hivyo, na ninajua zitasema. Lakini ziseme nambari.

Nimeambiwa hesabu hizi zinaua raha. Sioni hivyo. Anayejua kwamba ana sekunde 0.37 hajilaumu anapokosa, na hamcheki mwenzake.

Jambo la mwisho ni pa kusimama, na hapa sitaki mzaha. Kila mtu anataka kuwa karibu na njia ya ndege. Tarehe 28 Agosti 1988, katika kambi ya Ramstein, Ujerumani, ndege tatu za timu ya maonyesho ya Italia ziligongana hewani na moja ikaangukia umati. Walikufa watu 70, kati yao marubani watatu. Tarehe 27 Julai 2002, karibu na Lviv, Ukraine, jeti ya Su-27 ilianguka kati ya watazamaji na kuua watu 77. Kamba unayoiona imewekwa mbali, mpaka unaona waandaaji wanakunyima picha, iko pale kwa sababu ya siku kama hizo. Usiiruke, na usipande paa la jirani kwa kuwa tu liko upande wa pili. Droni acha nyumbani: kuirusha Kenya kunahitaji idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga, na droni ndani ya injini ya jeti ni mbaya kuliko mwewe. Kambi za jeshi nazo ni maeneo yanayolindwa kisheria. Kuipiga picha ndege ikionyeshwa kwa umma ni jambo moja, kuinua lenzi ya milimita 300 juu ya ukuta wa kambi ni jambo jingine, na barua ya chama cha wanafunzi haitakutoa huko. Ukiwa karibu na Wilson pia, ukiulizwa na askari, jibu kwa heshima, onyesha kitambulisho, na ukiambiwa ondoka, ondoka.

Beba vya kuziba masikio, hata pamba. Beba betri ya pili na maji. Ukifika chumbani, nakili picha zote kabla ya kulala na usifute yoyote ukitazama kwenye kioo kidogo cha kamera, kwa sababu kioo hicho hufanya kila kitu kionekane safi.

Kura itakavyokwenda sijui, lakini zoezi halingoji kura. Jumamosi saa mbili asubuhi nitakuwa langoni na kamera yangu ndogo na futi ya fundi ya kupimia zile mita 45. Tutatembea hadi ule uwanja ulio kando ya barabara kuu. Mwenye kamera aje nayo, mwenye simu aje ajifunze kiuno, na asiye na chochote atahesabu safi na zisizo safi kwenye daftari. Matatu zinaanza kujaa saa mbili unusu.